Umelala Usiku Kucha, Umeamka Umechoka: Kasoro Iko Wapi?

Kabla hujalilaumu godoro, jiulize swali moja: ikifika saa nne asubuhi huwa unajisikiaje?

Nimesema saa nne, si dakika unayofumbua macho. Ukimuuliza mtu hali yake alamu ikiwa bado inalia, karibu kila mmoja atakujibu vibaya, na jibu hilo halikusaidii kitu. Ubongo hauamki wote kwa mpigo. Kwa kawaida mtu hukaa mang'amung'amu dakika 15 hadi 30, anaitafuta simu aliyoishika mkononi, anavaa fulana nje ndani. Kama alilala kidogo, au ameamshwa katikati ya usingizi mzito, hali hiyo inaweza kufika saa nzima. Humpata hata aliyelala fofofo. Wengi wanaolalamika kwamba hawapumziki hujipima kwa dakika hizo, wakajipa ugonjwa wasiokuwa nao.

Aliyepumzika utamjua baadaye. Ule uzito ukishamtoka, anaweza kuketi kwenye kikao kirefu kisicho na msisimko bila kidevu kuangukia kifuani. Anasoma aya mara moja ikamwingia. Hafoki kwa jambo dogo. Hata yeye atalegea kidogo kati ya saa saba na saa tisa mchana, kwa sababu saa ya mwili hushuka kidogo wakati huo, awe amekula au hajala. Kama hiyo ndiyo picha yako, huenda huna kasoro yoyote. Kama siyo, twende kwa dalili.

Unasinzia, au umechoka?

Hapa ndipo pa kuanzia, na ndipo wengi wanaparuka. Fanya jaribio hili kichwani: ukipewa chumba chenye giza na kimya saa nane mchana, ukajilaza, je, usingizi utakuchukua ndani ya dakika chache? Kama ndiyo, mwili wako unadai usingizi. Ama unaupata kidogo, ama unaoupata unaharibiwa na kitu. Lakini kama mwili ni mzito na bado unabaki umekodolea dari macho, tafuta kwingine: mwili uliokaa katika tahadhari muda wote, upungufu wa damu, tezi ya thairoidi, sonona, maradhi ya muda mrefu.

Mwaka 1991 daktari wa Australia, Murray Johns, alitunga dodoso la hali 8 za kila siku, kama vile kusoma umeketi au kuwa abiria kwenye gari kwa saa nzima. Kila hali unaipa alama 0 hadi 3, kadiri unavyoweza kusinzia ukiwa katika hali hiyo. Jumla ikizidi 10 kati ya 24, kusinzia kwako kumepita kiasi. Mojawapo ya hali hizo ni kukaa ukizungumza na mtu. Ukiwa wa kusinzia hata hapo, achana na kujumlisha alama, nenda kamwone daktari.

"Mimi saa 6 zinanitosha"

Huenda. Wapo watu wa aina hiyo, ila ni wachache kuliko wanaojihesabu humo. Mapendekezo yaliyotolewa Marekani mwaka 2015 na vyama vya wataalamu wa usingizi yanasema mtu mzima alale saa 7 au zaidi kila usiku. Vijana wa rika la balehe wanahitaji 8 hadi 10.

Ubaya wa kulala kidogo kila siku ni kwamba kipimo chenyewe kinaharibika. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania uliochapishwa mwaka 2003, watu wazima wenye afya walizuiwa kulala zaidi ya saa 6 au 4 kwa usiku, siku 14 mfululizo. Umakini wao ulishuka siku hadi siku, mpaka ukalingana na wa mtu aliyekesha usiku mmoja au hata miwili. Walipoulizwa wanajisikiaje, usingizi waliodai kuusikia haukupanda kwa kiwango hicho. Walikuwa wameuzoea. Kwa hiyo mtu anayeapa kwamba saa 6 zinamtosha anasema kweli kuhusu anavyojisikia, na hilo halithibitishi chochote kuhusu anavyofanya kazi.

Kisha hesabu vizuri. Umeingia kitandani saa nne usiku, simu ukaiweka chini saa tano na nusu, alamu imelia saa kumi na moja alfajiri. Kichwani umeandika saa 7. Ukweli ni 5 na nusu, na hapo hatujatoa dakika za kutafuta usingizi wala zile za kuamka katikati. Na kama alamu unaizima mara tatu tatu na kurudia kulala, hiyo nusu saa ya mwisho ni vipande tu. Bora alamu ilie baadaye, mara moja tu, na ulale mfululizo.

Njia ya kujua mahitaji yako ni kungoja likizo. Siku za mwanzo utalala sana, unalipa deni, usizihesabu. Baada ya wiki moja hivi bila alamu, muda unaotulia ndio wako. Kama ni saa 8 na siku za kazi unalala 6, umeshapata kasoro yako, usiendelee kutafuta dawa.

Saa zinatosha, ila usingizi umekatikakatika

Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Mwanzo wa usiku unatawaliwa na usingizi mzito, na kuelekea asubuhi usingizi wa ndoto ndio unaochukua nafasi kubwa. Kuamka mara kadhaa kwa muda mfupi ni kawaida, na mara nyingi hutakumbuka. Tatizo ni pale kitu kinapouvunja mzunguko tena na tena, mtu akamaliza saa 8 kitandani bila kushuka kwenye kina.

Kisababishi ninachotaka kukitazama kwa kirefu ni kukatika kwa pumzi usingizini, kwa sababu mwenye tatizo hili ndiye wa mwisho kujua. Anayejua ni anayelala chumba kimoja naye. Husikia hivi: mkoromo unapanda, unapanda, halafu unakatika. Kimya. Kifua kinahangaika kupanda na kushuka lakini hewa haipiti. Kisha mguno, mshtuko, anajigeuza, na mkoromo unaanza upya. Asubuhi mhusika atakwambia alilala kama kawaida.

Kinachotokea ni kwamba misuli ya koo inalegea usingizini na njia ya hewa inajiziba. Oksijeni inashuka, ubongo unashtuka kiasi cha kukaza koo tena, na yote hayo hayafiki kwenye kumbukumbu. Kukatika kunahesabiwa kama kumefika sekunde 10 au zaidi. Mara 5 hadi 14 kwa saa ni kiwango kidogo, 15 hadi 29 ni cha wastani, 30 na kuendelea ni kikali. Piga hesabu: mara 30 kwa saa, kwa saa 7, ni kushtuliwa mara 210 kwa usiku mmoja. Hakuna godoro litakalotibu hilo.

Mchana dalili zake ni kusinzia, kinywa kikavu asubuhi, kichwa kuuma ukiamka kisha kuachia baada ya muda, na shinikizo la damu lisiloshuka vizuri kwa dawa. Dalili moja inawapotosha wengi: kuamka kwenda kukojoa mara mbili, tatu. Mtu anafikiri kibofu ndicho kinachomwamsha. Kumbe kifua kinapovuta hewa isiyopita, moyo unatanuka na kutoa homoni inayozifanya figo zitoe mkojo mwingi.

Uzito mkubwa wa mwili ni kichocheo kikuu, na shingo yenye mzunguko wa zaidi ya sentimita 40 ni ishara ya hatari. Lakini usimwondoe mwembamba kwenye orodha, taya dogo au lililorudi nyuma linatosha. Wanawake, hasa baada ya hedhi kukoma, mara nyingi hulalamikia uchovu, kichwa na kukosa usingizi kuliko kukoroma, ndiyo maana tatizo lao huchelewa kutambuliwa. Mtoto mwenye mafindofindo makubwa anayekoroma kila usiku huenda asisinzie kabisa mchana. Yeye hugeuka mtukutu asiyetulia, akachapwa kwa kosa la koo lake.

Ukihisi ni hili, weka simu irekodi sauti usiku mmoja au miwili. Lala ubavu, maana chali huzidisha kuziba. Acha pombe na dawa za usingizi, kwa sababu zinailegeza zaidi ile misuli, na dawa za usingizi zinaweza kukufanya ujihisi umelala vizuri huku oksijeni ikizidi kushuka. Kisha omba kipimo. Tiba ya uhakika zaidi kwa kiwango cha wastani na kikali ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa na kuiweka koo wazi. Aliyeibuni ni Colin Sullivan wa Sydney, na matokeo yalichapishwa mwaka 1981. Barakoa inaudhi mwanzoni, sitakuficha. Wengi wanaoiacha huiacha wiki za kwanza kwa sababu haiwakai vizuri usoni, na hilo hurekebishika kwa kubadili saizi au aina.

Visababishi vingine vya kukatika ni vyepesi kuvijua. Kiungulia: unaamka na ladha chungu mdomoni au kikohozi kikavu. Inua upande wa kichwa wa kitanda chenyewe, kuongeza mito huikunja tu shingo. Lala ubavu wa kushoto, na usile muda mfupi kabla ya kulala. Kusaga meno: taya linauma asubuhi, mwambie daktari wa meno. Dawa ya kuongeza mkojo iliyomezwa jioni: muulize aliyekuandikia kama unaweza kuihamishia asubuhi.

Unalala upesi, unaamka saa tisa usiku

Ukinywa pombe jioni, anza hapo. Pombe inaleta usingizi haraka, kisha mwili unapoisafisha katikati ya usiku, nusu ya pili inakuwa nyepesi, yenye jasho na kukatika. Anayesema glasi inamsaidia kulala anakumbuka nusu ya kwanza tu.

Kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa na chai, ni mjanja zaidi. Unapokuwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni na kukuletea usingizi. Kafeini huziba mahali inapotua, haiondoi. Nusu ya kafeini uliyokunywa huchukua takriban saa 5 kutoka mwilini, na kwa wajawazito na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango muda huo hurefuka sana. Utafiti mmoja wa mwaka 2013 uliwapa watu miligramu 400, saa 6 kabla ya kulala, na wakapoteza zaidi ya saa moja ya usingizi. Nawasikia wanaosema wao hunywa kahawa usiku na wanalala. Kulala wanalala. Swali ni kama asubuhi wanahitaji vikombe viwili kuanza kazi, wakazunguka hivyo mwaka mzima. Jaribu wiki mbili bila kafeini baada ya saa sita mchana, na usitoe hukumu siku za kwanza, maana kichwa kinaweza kuuma kwa kuikosa.

Kama pombe na kafeini havimo, na unaamka alfajiri mapema huku moyo mzito na hamu ya mambo uliyoyapenda imekwisha, hiyo ni dalili inayofahamika ya sonona. Itibiwe yenyewe, usingizi utafuata.

Jumatatu ndiyo mbaya kuliko zote

Siku za kazi unaamka saa kumi na moja. Jumamosi na Jumapili unalala saa nane usiku na kuamka saa nne asubuhi. Saa ya mwili imesogezwa kama ya mtu aliyesafiri kwa ndege nchi kadhaa upande wa magharibi, kisha Jumapili usiku unaitaka irudi kwa amri. Haitii. Unageuka kitandani hadi usiku wa manane, na Jumatatu unaamka mwili ukiwa bado uko katikati ya usiku wake. Mjerumani Till Roenneberg na wenzake waliielezea hali hii mwaka 2006, na kuiona ni kubwa zaidi kwa vijana, ambao saa zao kwa maumbile huchelewa.

Tiba ni kuishika saa ya kuamka kuliko ya kulala. Siku za mapumziko usizidishe zaidi ya saa moja hivi, na ukiamka toka nje upate mwanga wa asubuhi, kwa kuwa mwanga ndio unaoirekebisha saa ya mwili. Deni la usingizi lilipe kwa kuwahi kulala, au kwa kulala dakika 20 mchana kabla ya saa tisa. Wa zamu za usiku hawawezi kufuata hili. Kwao linalosaidia ni chumba chenye giza totoro mchana, miwani ya jua njiani wakirudi, na kumwomba msimamizi asizibadilishe zamu kila baada ya siku chache.

Miguu inakataa kutulia

Jioni ukiketi au ukijilaza, unasikia kitu ndani ya miguu ambacho watu hushindwa kukieleza: kutambaa, kuvutwa, kuwashwa kwenye mfupa. Ukisimama ukatembea kinapotea, ukilala kinarudi. Msweden Karl-Axel Ekbom aliieleza kwa kina mwaka 1945. Wengi wenye hali hii pia hurusha miguu usingizini bila kujua, na shuka asubuhi limesokotana upande wa chini.

Uliza upimwe akiba ya madini ya chuma, iitwayo feritini. Inaweza kuwa chini hata kama wingi wa damu uko sawa, kwa hiyo kuambiwa "damu yako nzuri" hakutoshi. Usijinunulie vidonge vya chuma bila kipimo, kikizidi nacho kinadhuru. Ujauzito, ugonjwa wa figo, na baadhi ya dawa za mzio, za kichefuchefu na za sonona huianzisha au huizidisha.

Umechoka, ila usingizi hauji

Hawa ndio wanaoteseka zaidi na ndio wanaoshauriwa vibaya zaidi. Mtu amekosa usingizi wiki kadhaa, basi anaingia kitandani mapema, anachelewa kutoka, anakaa humo saa 10 ili apate angalau 6. Mwili unajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuhangaika. Hali hii ikitokea usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3, inahesabika kuwa sugu.

Tiba inayopendekezwa kwanza, na ndivyo chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilivyoandika mwaka 2016, ni tiba ya kubadili fikra na tabia, kabla ya vidonge. Kiini chake kinashangaza: punguza muda wa kukaa kitandani. Kama unalala saa 6 kwa jumla, kaa kitandani saa 6 na nusu tu, amka wakati uleule kila siku, na uongeze robo saa robo saa usingizi unapokaza. Usiposhikwa na usingizi baada ya muda kama wa dakika 20, toka, keti penye mwanga hafifu, rudi ukianza kusinzia. Usitazame saa. Wiki ya kwanza ni ngumu, utachoka zaidi. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka, au anayeendesha magari na mitambo asiifanye peke yake bila mtaalamu.

Na hizi saa za mkononi zinazotoa alama za usingizi? Kwa kujua ulilala saa ngapi na kuamka saa ngapi, zinafaa. Kwa kukwambia ulipata dakika ngapi za usingizi mzito, zinakisia kwa mapigo ya moyo na mtikisiko wa mkono, kwa kuwa hazina njia ya kuyaona mawimbi ya ubongo. Mtu anaamka mzima, anaitazama, inampa 58, anashinda siku nzima amechoka. Ukiona umefika huko, ivue.

Unalala saa 9, 10, na bado

Kama hali imedumu zaidi ya wiki chache na yote ya juu umeyatazama, usingizi wenyewe huenda hauna kosa. Omba kipimo cha wingi wa damu, feritini, thairoidi na sukari, ambavyo vyote hupatikana kwa damu ya mshipa mmoja. Mweleze daktari kila dawa unayomeza, zikiwemo zile za zamani za mafua na mzio ambazo usingizi wake huvuka hadi kesho. Kama unasinzia ghafla mchana, na magoti au taya hulegea unapocheka sana, litaje hilo waziwazi, maana ni dalili ya ugonjwa wa narkolepsia, ambao mara nyingi huchukua miaka kutambuliwa.

Ukienda, beba kumbukumbu ya wiki mbili: saa ya kuzima taa, saa ya kuamka, mara ulizoamka, kafeini, pombe, dawa, na hali yako ilivyokuwa saa nne asubuhi. Beba na ile sauti uliyorekodi. Ikiwezekana, nenda na anayelala chumba kimoja nawe, kwani atajibu maswali usiyoweza kuyajibu wewe. Na kama umewahi kusinzia ukiwa umeshika usukani, hata kwa sekunde mbili, anza kwa kulitaja hilo, na usiendeshe tena mpaka upimwe.